Dakika Tatu Kwenye Mita Tano

"Usipumue," Kamate, fundi wa simu, aliniambia.

Nikaacha kupumua. Mimi si mtu wa kuamriwa ovyo, waulize bandari nzima ya Kituku, lakini siku hiyo angeniambia nisimame kwa mguu mmoja ningesimama. Mezani kwake, katikati ya simu zilizofunuliwa matumbo, ilikuwa imelala saa yangu ya kuzamia, imebanwa na kibanio cha nguo cha buluu, kile kile cha kuanikia mashati. Kamate alikuwa ametia pini nne za shaba kwenye midomo ya kibanio hicho, na kutoka kwenye pini hizo nyaya nne nyembamba zilikwenda hadi kwenye kompyuta. Waya wenyewe wa saa, ule wa kiwandani, ulipotea mwezi wa kwanza, wiki ile ya mapigano tuliyolala siku nne chini ya vitanda mji ukibadilisha wakubwa. Tangu hapo nilizunguka Goma yote kutafuta mwingine, na watu wakanicheka. Miaka minne yangu chini ya ziwa ilikuwa imefungwa ndani ya kidude cha ukubwa wa kopo la mafuta ya kujipaka, na hapakuwa na mlango wa kuitoa.

"Inasoma," Kamate akasema. Kisha akapiga kelele: "Dada, inasoma! Angalia, iko naleta!"

Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo. Tarehe, saa, kina, joto la maji. Mzamio wa kwanza, mita kumi na mbili. Wa sita, ule wa magunia ya saruji yaliyogeuka mawe. Wa thelathini, pikipiki iliyotumbukia na mwenyewe akabaki amekaa ukingoni na ufunguo mkononi. Nilizitambua siku zangu moja moja.

"Soixante-trois!" Kamate akasema. "Bote wako hapa."

Sitini na mitatu! Nikampiga kofi la mgongo hadi miwani ikamtoka. Mama mmoja aliyekuja kuchaji simu akapiga vigelegele pamoja nami bila kujua harusi ni ya nani.

Ngoja nieleze, nisije nikaonekana nimerukwa na akili. Naitwa Mwasiti. Baba yangu, mtu wa Kasongo, alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Rutshuru, na alitaka niuze vitenge kama shangazi zangu. Mimi nikachagua kuokota vitu chini ya maji. Injini ya boti ikianguka ziwani, ninaitwa mimi. Kazi hiyo nilifundishwa na Julien, mtafiti wa gesi za Ziwa Kivu, ambaye nilikuwa msaidizi wake. Alipohamishiwa Kinshasa aliniachia chupa za hewa, mashine ya kuzijaza, na saa hii. Aliniambia inajua kina, inajua muda, na inakumbuka kila kitu. Na wakati wa kupanda juu itanilazimisha kusimama kwenye mita tano kwa dakika tatu, ili hewa iliyoingia kwenye damu itoke polepole. "Ukiiruka hatua hiyo siku moja," alisema, "unaweza usitembee tena."

Sasa kulikuwa na chuo kimoja Mombasa kinachofundisha kuchomelea chuma chini ya maji. Nafasi moja tu kwa watu wa Maziwa Makuu, kila kitu kimelipwa. Masharti: uwe umezamia mara sitini, mchana, ukiwa na mtu juu anayekushikia kamba, na ushahidi utoke kwenye saa yako mwenyewe, maana kwenye karatasi kila mtu anaweza kujiandikia anachotaka. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana ya Mombasa, ambayo kwetu ni saa tano. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Niliitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote, na nimewahi kuwataka wawili watatu.

Kamate akatuma faili. Nikanunua soda tatu, na moja nikampa yule mama wa vigelegele. Chupa yangu haikufika nusu, simu ikalia. Alikuwa Bi Ramla, mwandishi wa kamati ya chuo kule Mombasa, ambaye tulikwisha kuongea mara kadhaa na sauti yake nilikuwa nimeizoea.

"Mwasiti, mwanangu, wewe huzamia usiku?"

"Usiku? Hapana, mama. Nani azamie usiku?"

"Basi pana jambo. Mizamio yako yote ni ya usiku. Huu saa nane usiku, huu saa tisa, huu saa kumi alfajiri. Kamati wameshtuka. Wanauliza ni nani huyo anayekaa kushika kamba saa nane za usiku. Wanaona ama ulizama peke yako, ama, uniwie radhi, saa si yako."

 Niliitazama saa pale kwenye kibanio. Ilisema nne na ishirini, na kweli ilikuwa kama saa nne na dakika ishirini asubuhi, jua linawaka mtaa wote wa Birere na wauza ndizi wanagombana nje. Sikuona kosa lolote. Kamate ndiye aliyeliona. Aliiweka simu yake kando ya saa yangu, na simu ilisema kumi na dakika kumi na tisa.

"Dada," akasema taratibu, "hii montre, nani aliipanga?"

Papa Harelimana. Nani mwingine?

Papa Harelimana ndiye mshika kamba wangu. Alikuwa mkulima wa maharage kule Rutshuru, vita vikamtoa, akaangukia kambi ya wakimbizi ya Mugunga, na kutoka Mugunga akaja Kituku kuvuta mitumbwi. Maji anayaogopa, uso ananawa kwa vidole viwili. Lakini kamba akiishika, ameishika. Mkononi anavaa saa ya kutia ufunguo aliyorithi kwa baba yake, na ameipanga kama baba yake alivyoipanga: jua likichomoza, hesabu inaanza. Saa mbili asubuhi, mshale uko kwenye mbili. Saa yangu kila ikibadilishwa betri husahau wakati, na mimi sina subira ya vitufe, kwa hiyo humpa yeye. Naye aliisoma saa ya baba yake akaandika mbili. Miaka minne niliivaa. Ilisema mbili, na mimi nilijua ni saa mbili, basi. Waliokuwa na habari nyingine ni wale wa kiwandani, ambao mbili yao ni saa ya wezi.

Nilimweleza Bi Ramla mbio mbio, nikikwama kwa aibu. Alicheka hadi akakohoa.

"Ya marehemu bibi yangu Lamu ilikuwa hivyo hivyo! Mimi nimekuelewa, mwanangu. Lakini kamati ni watu watano, na wanne ni wageni wasiojua neno la Kiswahili. Kicheko changu si ushahidi. Nipe jambo moja tu ambalo dunia nzima inajua lilitokea saa ngapi, na ambalo limo ndani ya kumbukumbu zako. Moja tu. Kesho saa sita nafunga."

Nilipanda pikipiki hadi Kituku nikiwa nimepandwa na mori. Hasira yangu ni ya kushika haraka, najua, na njia nzima nilikuwa naichochea. Nilimkuta Papa Harelimana amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anakunja kamba, kando ya Mama Dancille anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani. Sikusalimia.

"Papa, ni weye uliniharibia maisha!" nikapaza sauti. "Saa ya batu bote inasema dix heures, kumi, ya kwako inasema ine! Ulitoka nayo wapi ile saa? Ni saa ya kulimia maharagi?"

Wauza samaki wote waligeuka.  Papa Harelimana aliivua saa ya baba yake polepole, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akaendelea kukunja kamba.

"Mwasiti," Mama Dancille akasema, "huyo ni muzee."

Nilikaa chini kwenye mchanga mweusi. Hasira ilikuwa imeniisha kama ilivyokuja, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Nilimweleza yote bila kumtazama usoni: Mombasa, kamati, mizamio ya usiku, na hilo jambo moja ambalo dunia nzima inajua saa yake. Alisikiliza hadi mwisho. Alikunja mizunguko miwili mitatu ya kamba.

"Dunia yote ijue saa yake," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Tetemeko."

Nikainua kichwa.

"Mwaka volcan ilipasuka," akasema. "Ilipasuka Samedi. Mardi, weye ulikuwa ndani ya maji, unatafuta moteur ya Habiyaremye."

Niliikumbuka Jumanne hiyo vizuri, ila kwa upande wangu tu. Mwaka 2021, mwezi wa tano. Moto wa volkano ya Nyiragongo, uliolipuka Jumamosi, ulikuwa umesimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi haikutulia, ilikuwa inatikisika mchana na usiku, na watu walijaa Kituku wakitafuta boti ya kukimbilia. Katika msukumano huo injini ya Habiyaremye ikatumbukia, na boti yake ilikuwa na familia nne zinazongoja. Nikazama. Nilikuwa kwenye mita ishirini na mbili nilipousikia mvumo kifuani, matope yakainuka yote kwa pamoja, na sikuuona hata mkono wangu. Nikasahau kila kitu nilichofundishwa. Nikapiga miguu kuelekea juu kama mwenda wazimu, saa inapiga kelele mkononi na mimi siisikii.

Kilichonisimamisha ni kamba. Kamba haiwezi kumzuia mtu anayepanda, ni ya kusemezana tu: ukivutwa mara moja, endelea, mara mbili, simama, mara tatu, njoo juu. Ilinivuta mara mbili. Nikasimama, kwa sababu mwili umezoea kutii kuliko kichwa. Kisha mara mbili tena, na tena, na mimi nikimtukana ndani ya maji kwa kunichelewesha. Nilipotoka nilimwambia alitaka kuniua. Siku ile pia alikunja kamba tu.

"Kamba ina kitambaa chekundu kwenye mita tano," akasema sasa. "Tetemeko ilipiga saa ine na trente-huit, thelathini na munane. Kitambaa ilitoka ju ya maji minute moja kisha, saa ine na trente-neuf. Nikajua umefika fasi ya kungojea. Nikakuhesabia minute tatu, kwa hii saa." Akagusa mfuko wa shati.

"Batu balikuwa wapi?"

"Balikimbia bote."

"Na weye?"

"Mi nilikuwa na kamba." Akakunja mzunguko mmoja. "Ukuta ya depo ya samaki ilianguka nyuma yangu. Sikugeuka. Ningegeuka, ningepoteza hesabu."

Mama Dancille aliacha kupanga samaki wake.  Huo ukuta niliuona siku ile umelala chini, nikapita juu ya matofali yake nikiwa nalalamika, na sikuuliza ulianguka lini.

Tulipanda pikipiki moja watatu, dereva, mimi na mzee, hadi kwa Kamate. Njiani furaha yangu ilichanganyika na hofu, kwa sababu kama saa ilikuwa imeandika tofauti nilikuwa nimekwisha. Kamate aliufungua mzamio wa kumi na saba. Jumanne, tarehe ishirini na tano. Umeanza saa 4:21. Mstari ulishuka hadi mita ishirini na mbili, ukatembea chini humo muda mrefu, na kwenye 4:38 ukaruka juu kama paka aliyekanyagwa.

"Sasa tutafute dunia," Kamate akasema.

Kuna watu huko nje ambao kazi yao ni kuandika kila tetemeko linapotokea, popote pale. Mtandao ulikuwa mzito kama ugali wa jana. Ukurasa ulifunguka nusu, ukaganda, ukafunguka. Kamate alishuka na kidole hadi kwenye mwezi, hadi kwenye siku, hadi kwenye jina la Goma. Tetemeko la asubuhi, kwa saa zetu: 10:37.

"Six heures," Kamate akasema, "masaa sita kasoro minute moja."

"Minute moja imetoka wapi?" nikapiga kelele. "Watasema haifanani!"

Papa Harelimana alifungua kifungo cha mfuko, akaitoa saa ya baba yake, akaiweka kando ya simu ya Kamate. Ilikuwa mbele kwa dakika moja.

"Iko nakimbiaka," akasema kwa unyenyekevu. "Tangu zamani."

Tulicheka hadi Kamate akaegemea ukuta. Saa yangu ilipangwa kwa saa yake, na hata dakika yake ya kukimbia niliibeba miaka minne. Kamate alizipiga picha saa zote mbili na simu zikiwa pamoja, akaziambatanisha na orodha ya matetemeko. Halafu akaukuza ule mstari wa mzamio ili nao apige picha, na hapo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekitazama.

Baada ya kuruka kule juu, mstari ulinyooka. Mita tano, bila kupanda wala kushuka, dakika moja, mbili, tatu. Ulinyooka kama uliopigwa kwa rula. Mimi siku ile nilikuwa nalia na kutukana, sikuweza kunyoosha hata kidole. Unyofu ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa mtu aliyesimama juu peke yake kwenye ufuko mtupu, ukuta umeanguka nyuma yake, macho kwenye mshale wa sekunde.

"Papa," nikasema, "unisamehe."

"Ile ya maharagi iliniuma," akajibu.

"Najua."

"Yalikuwa maharagi muzuri sana, Mwasiti."

Nikalia palepale kati ya simu mbovu, sina aibu kusema. Kisha nikapangusa pua nikamwambia Kamate atume haraka kabla mtandao haujakata, maana kulia hakuzuii watu kufanya kazi.

Ijumaa sikula. Saa tatu mtandao ulikata mji mzima, ukarudi saa nne na nusu, na mimi nilikuwa nimekaa Kituku na simu mapajani, Papa Harelimana upande mmoja na Mama Dancille upande wa pili. Ikafika saa tano. Ikapita. Saa tano na dakika sita, simu ikalia.

"Wamekubali!" Bi Ramla hakusalimia. "Wote watano! Umesikia, Mwasiti? Wote! Na mmoja wao, mtu aliyezamia miaka arobaini, aliuangalia ule mstari wa mita tano, kisha akauliza: aliyeshika kamba ni nani? Nikamtajia. Akalitia jina ndani ya faili lako kwa mkono wake."

Sijui nilisema nini. Najua nilirukaruka, na kwamba sambaza za Mama Dancille zilimwagika, na kwamba alinisamehe. Papa Harelimana alitaka kusikia mara mbili jinsi jina lake lilivyoandikwa, herufi kwa herufi.

Niliondoka Jumatatu. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa kwanza, kwa hiyo njia ilikuwa kwa miguu hadi mpakani, kisha basi, kisha basi jingine. Papa Harelimana alinisindikiza hadi kituo cha mpakani cha Petite Barrière. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake na vikapu vyao, na mimi nilikuwa nasukuma kama kawaida yangu, nikiwaza Mombasa na chuma na moto unaowaka ndani ya maji. Zikabaki hatua chache nifike dirishani.

Mkanda wa begi langu ukavutwa mara mbili.

Nikasimama. Mwili ulisimama kabla kichwa hakijauliza. Papa Harelimana alikuwa nyuma yangu, na aliushika mkono wangu wenye saa.

"Kule ni saa ngapi?"

"Mbele yetu saa moja, Papa. Na kuhesabu banaanzia katikati ya usiku."

Saa ilisema 2:14. Alibonyeza kitufe kwa kucha, akihesabu kwa sauti: sita za kiwandani, moja ya Mombasa. Saba. Ikasema 9:14. Aliitazama kama mtu anayeonja mchuzi usio na chumvi, lakini aliiacha. Kisha akaitoa ya baba yake mfukoni, akaivaa tena mkononi kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Kituku.

"Ya kwangu sitaigusa," akasema. "Ukitaka kujua niko saa ngapi, kwa ya kwako utapunguza saba."

Afisa dirishani akaita anayefuata. Nilikuwa mimi. Miguu ikakataa, na watu nyuma wakaanza kunung'unika, na mimi, Mwasiti, niliyekuwa nikisukuma wenzangu tangu asubuhi, nilisimama pale nalia huku pasi ya kusafiria ikilowa mkononi.

Mkanda ukavutwa mara moja. Nikaenda.